Yungiyungi la Mzoga

Nikiwa mtoto wa miaka tisa hivi, kule Kilolo, niliamini kwamba kuna ua linalokula watu. Sikuwa peke yangu. Watoto wote wa pale kwetu waliamini, na mama zetu pia, na hata katekista aliyetufundisha sala nadhani aliamini kidogo, maana akiliona njiani alikata kona. Siku hizi nimewasikia watu wa bustani pale Iringa mjini wakiliita yungiyungi la porini, wakilipiga picha na kuulizana mbegu. Sisi tuliliita ua la mzoga tu, kwa Kihehe chetu, na hakuna aliyelisifu. Lilinuka nyama iliyooza.

Mvua za kwanza zikinyesha, kabla jani lolote halijatoka, lilichomoza kwenye udongo mtupu likiwa limejikunja kama sikio la ndama. Likifunguka, ndani lilikuwa na rangi ya ini, na katikati kimesimama kitu kama kidole kirefu cheusi. Inzi walilijia kwa wingi, wale wakubwa wa kijani. Bibi yangu, mama yake baba, alisema ua hilo likiota porini ni mali ya Mungu, lakini likipandwa uani kwa watu linadai mtu, na likishamtaja halinyamazi mpaka limpate. Tulipoliona kando ya msitu tuliziba pua, tukatema mate, tukakimbia.

Mtu mmoja tu alilipanda, naye alikuwa shangazi yangu Veronika, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane, hana mtoto, na baada ya mumewe kufariki alirudi kwetu akajengewa kibanda chini kidogo ya nyumba yetu. Alipenda maua kwa namna ambayo watu wa wakati ule hawakuielewa. Wakati mwanamke aliyekwenda msituni alitarajiwa kurudi na kuni, yeye alirudi na kuni pamoja na kiazi cha ua fulani kwenye upindo wa kanga.

Kiazi cha ua la mzoga kinawasha, kwa hiyo alikishika kwa jani la mgomba. Ni kiazi bapa, kama chapati nene, na juu kina kishimo. Alinionyesha kile kishimo na kuniambia kwamba chipukizi hutokea pale, kwa hiyo pale ndipo kichwa. Viazi vyake alivipanda nyuma ya kibanda, kwenye mteremko, ili maji yasituame, akachanganya udongo na samadi ya zamani na majivu kidogo. Kiangazi hakionekani kitu juu ya ardhi, basi aliweka jiwe mahali pa kila kiazi ili mtu asije akapiga jembe. Mwaka wa kwanza yalitoka majani tu, moja kwa kila kiazi, yakiwa yamesimama kama miavuli juu ya shina lenye madoa kama ya nyoka. Mwaka wa pili vilevile. Hakukata tamaa. Alisema kiazi kinakula kwanza, kikishiba ndipo kinatoa ua.

Mwaka wa tatu ndio ninaousimulia. Ilikuwa miaka ya hamsini, miaka michache kabla ya Uhuru, na baba alikuwa akipasua mbao msituni, anarudi nyumbani Jumamosi.

Chini zaidi ya kibanda cha shangazi, mahali ambapo mtu akiita kwa nguvu anasikika, aliishi baba mkubwa Daudi, binamu yake baba. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye migodi ya Afrika Kusini, akarudi na blanketi mbili, saa isiyotembea, na kifua kibovu. Alikohoa mchana kutwa. Watu walimwogopa. Hawakusema wanamwogopa, walisema tu kwamba anahitaji kupumzika. Shangazi ndiye aliyemhudumia, lakini mwaka ule alijikata mguu kwa jembe, kidonda kikavimba, akawa hawezi kushuka ule mteremko unaoteleza. Kwa hiyo mama akanipa mimi kazi ile. Kila asubuhi nilimpelekea uji kwenye bakuli lenye kifuniko.

Kumpelekea uji hakukunishinda. Kilichonishinda ni kopo. Kando ya kitanda chake palikuwa na kopo la kutemea, lenye majivu chini, na ilinibidi nilitoe nje, nilimwage kwenye shimo, nifukie, niweke majivu mapya. Makohozi yake yalikuwa mazito, ya kijani, mara nyingine yana nyuzi za damu, na yalishikana na kopo yakawa hayataki kutoka. Nilikuwa nikibana pumzi mpaka masikio yanavuma. Nikirudi nyumbani sikuweza kula. Hata sasa, na umri huu, sipendi kuona uji uliopoa ukifanya ngozi juu.

Jumatatu moja alikohoa wakati ninamkabidhi kikombe. Kitu cha moto kikaniangukia mkononi, juu ya kidole gumba. Nilikitazama. Yeye alikitazama pia, na nikaona amefadhaika kuliko mimi.

"Kanawe, mwanangu," alisema. "Kanawe haraka. Nisamehe."

Nilinawa mtoni, nikasugua kwa mchanga mpaka ngozi ikachubuka. Kesho yake nilifika nusu ya njia nikashindwa. Nilisimama nyuma ya mianzi, nikamwaga uji kwenye nyasi, nikasubiri muda ambao ningekuwa ndani, kisha nikarudi na bakuli tupu. Mama aliuliza kama amekula. Nikasema amekula. Nilipopita kwa shangazi, naye aliniuliza, kama alivyouliza kila siku, ameamkaje baba yako mkubwa. Nikasema ameamka vizuri.

Siku ile, nyuma ya mianzi, nilimsikia akikohoa. Siku iliyofuata nikamsikia tena, kisha akaita jina langu, mara mbili, si kwa sauti kubwa. Nilimwaga uji. Siku ya tatu hakukuwa na sauti yoyote, na lazima niseme ukweli wangu: nilifurahi. Nilidhani amepata nafuu.

Ijumaa asubuhi shangazi aliniita nyuma ya kibanda chake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu wake uliofungwa kitambaa ameunyoosha mbele, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyepata mgeni. Ua lilikuwa limefunguka, kubwa, lenye mawimbi pembeni, na ule uwekundu wake mzito uling'aa kwa umande. Uvundo ulinipiga kooni. Nilirudi nyuma.

"Njoo," alisema. "Halikuumi. Weka kidole hapo katikati."

Niliweka, kwa sababu nilimpenda. Kile kidole cheusi kilikuwa na joto, kama mwili wa mtu.

"Umeona? Linajipasha moto lenyewe ili harufu ifike mbali. Mengine yanaita nyuki, hili linaita inzi. Litanuka leo na kesho. Keshokutwa utalala nalo chumba kimoja na hutajua kama lipo."

Alilitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyelala. Aliniambia niangalie jinsi rangi ilivyokuwa ikififia kuelekea chini, mpaka ikawa ya maziwa kabisa ndani kwenye shingo. Sikuangalia. Nilifuta kidole kwenye nyasi, nikakifuta tena. Nilikuwa na bakuli tupu mkono wa pili. Hakuliulizia.

Jumamosi pua zote za majirani zilikuwa zimejua. Baba aliporudi jioni alikunja uso, akamcheka dada yake kidogo, akaacha. Jumapili baada ya ibada aliuliza hali ya binamu yake. Mama akasema anakula vizuri, bakuli linarudi tupu kila siku. Baba akasema basi, anapata nguvu, atamwona wiki ijayo. Sidhani kama alihitaji kusema zaidi. Sote tulitafuta sababu ya kutoshuka kule, na mimi ndiye niliyeileta, bakuli kwa bakuli.

Jumapili ileile ua lililala. Nililiona mwenyewe, limelegea, limekunjamana kama kitambaa kilicholowa. Inzi walikuwa wameondoka. Lakini Jumatatu harufu ilizidi. Ilipanda na ukungu wa asubuhi, nzito, yenye utamu fulani unaochefua, ikaingia kwenye nguo na kwenye ugali. Majirani walikuja watatu, wakasimama mbali, wakamwambia baba kwamba ua limeshafunga siku zake na bado linanuka, na kila mtu anajua maana yake. Bibi alikaa mlangoni akitikisa kichwa.

Shangazi alipanda mpaka kwetu akiegemea fimbo. Alizungumza taratibu.

"Ua langu limelala tangu jana. Nendeni mkalinuse. Harufu hii si yake."

Hakuna aliyekwenda kunusa. Baba aliahirisha kurudi msituni, akachukua jembe. Shangazi alimfuata akimwomba asubiri siku mbili tu, kwamba amelitunza miaka mitatu, kwamba likikatwa sasa halitatoa mbegu. Baba alipiga jembe mara moja, kiazi kikakatika vipande viwili, cheupe kabisa ndani. Alivitupa mtoni. Mimi nilikuwa kati ya watoto waliopiga makofi.

Kesho yake asubuhi harufu ilikuwa palepale.

Shangazi alinikuta kwenye njia, nyuma ya mianzi, uji ukiwa umeshamwagwa. Sijui alisimama pale muda gani. Alinipita, anachechemea, anateleza, anashika nyasi, na mimi nikamfuata kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Mlangoni kwa baba mkubwa inzi walikuwa wengi kuliko niliowahi kuona kwenye ua lolote. Aliusukuma mlango ukakataa. Kulikuwa na kitu nyuma yake. Aliusukuma kwa bega.

"Nenda kamwite baba yako," aliniambia. "Usitazame."

Nilitazama. Alikuwa ameanguka kutoka kitandani na kutambaa mpaka mlangoni. Kikombe kilikuwa karibu na mkono wake. Kopo limepinduka. Juu ya uso wake kulikuwa na kitu kinachotembea, cheupe, nikadhani ni uji, kisha nikaelewa. Nilitapika kwenye njia, kwenye miguu yangu mwenyewe, na nilipokuwa nikitapika nilisikia shangazi akiniambia tena, kwa upole, nimwite baba.

Mama ndiye aliyenishika kwanza. Alinipeleka nyuma ya jiko, akanivua gauni, akanimwagia maji na kunisugua bila kunitazama usoni. Alikuwa ameshajua. Asingekosa kujua, kwa kuwa yeye ndiye aliyepokea bakuli tupu kila siku, hata mzee alipokuwa ameshakufa.

"Ulikuwa unauacha uji mlangoni," alisema. "Unagonga, unauacha, unarudi baadaye kuchukua bakuli. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Walimzika siku ileile, katekista akisoma sala huku amejifunga leso puani. Jioni ndugu walikusanyika, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo linanichefua kuliko yote niliyoyaona ndani ya nyumba ile. Mtu aliuliza imekuwaje mtu aliyekufa siku nyingi hivyo anaendelea kula uji. Mama akajibu kwamba mtoto aliuacha mlangoni, na bakuli lilikuwa likirudi tupu. Alisema hivyo tu. Wengine walimalizia. Kama maiti ilikuwa ndani na uji ulikuwa ukiliwa, basi kuna aliyekuwa akiula. Wakasema ua limemla mzee na kivuli chake kimekuwa kikila chakula. Wakasema Veronika hana mtoto, anataka wa kumlimia, alikuwa anamfanya msukule. Wakasema ndiyo maana aliweka mawe pale nyuma, kila jiwe ni mtu. Bibi akasema aliwaonya.

Shangazi alimtazama mama. Kisha akanitazama mimi, nimekaa kwenye mkeka nimejikunyata. Kisha akamtazama baba, muda mrefu zaidi. Baba alikuwa akichora chini kwa kijiti. Hakuinua macho.

Vijana walikwenda kuchimba viazi vyake vyote. Walivishika kwa mikono mitupu, mikono ikawawasha usiku kucha, ikawa ushahidi mwingine. Baada ya wiki shangazi aliondoka kwenda Idodi, kwa ndugu wa marehemu mumewe. Baba alimbebea mzigo mpaka barabarani. Nasikia hawakuzungumza njia nzima.

Sikuadhibiwa. Mama hakunigusia tena jambo lile mpaka alipofariki. Ila aliacha kunituma kupeleka chakula kwa mtu yeyote, na akinipa bakuli la kuosha aliliweka chini kwanza, nilichukue mwenyewe.

Nilisoma, nikawa mwalimu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipopata ujasiri wa kwenda Idodi. Kule ni joto, vumbi, si kama kwetu. Nilimkuta shangazi amezeeka, mguu wake haukupona vizuri. Tulisalimiana kwa kamwene, salamu ya kwetu, akanikaribisha, akaulizia nyumbani, akaniandalia ugali na mlenda. Nyuma ya nyumba alikuwa na miavuli mitatu ya kijani yenye mashina ya madoa. Alinipeleka kuiona. Alisema watu wa pale hawajali, ilimradi ua halitoi harufu siku ya harusi ya mtu.

Nilimweleza yote tukiwa tumekaa pale. Nililia. Nilimwambia kuhusu kidole gumba, na mianzi, na nyasi. Alisikiliza akipukuchua mahindi.

"Nilijua," alisema. "Nilikuona. Sikukungoja wewe, ulikuwa mtoto. Nilimngoja baba yako aseme neno moja."

Kisha akauliza kitu ambacho sikutarajia.

"Alikohoa siku ngapi, baada ya wewe kuacha?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Lakini nilikuwa nimesafiri kutwa nzima ili nitoe kila kitu kifuani, na nilikuwa na uchu wa kukitoa. Nikasema siku mbili. Nikasema siku ya pili aliniita kwa jina.

Shangazi aliacha kupukuchua. Aliniangalia, na niliutambua mtazamo ule, kwa sababu ndio niliomtazama nao baba mkubwa asubuhi ya Jumatatu ile. Alisogeza kigoda chake nyuma kidogo, labda shubiri moja.

"Miaka yote hii nilijiambia alikufa usiku wa siku ile uliyoacha, amelala," alisema. "Hilo ungebaki nalo."

Alinilaza kwake, akanipa uji asubuhi, akanisindikiza. Hakunipa mkono. Alifariki kabla sijarudi tena.

Nilidhani kusema kungenisafisha. Niligundua nilikuwa nimekwenda Idodi kumwaga kopo langu mlangoni kwa mtu mwingine. Kwa miaka mingi baadaye sikumwambia yeyote, wala mume wangu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Kilolo kwenye msiba. Tulikaa wanawake tukimenya viazi, na mmoja wa wakwe zetu, msichana tu, akawa anawasimulia watoto habari ya ua lililomla mzee na kunywa uji wake siku saba. Mtoto mmoja akauliza ua linanyweaje uji, lina mdomo? Watoto wengine wakamcheka.

Nikasema, "Uji ule niliumwaga mimi."

Wanawake walinigeukia. Kisha mmoja akacheka, akasema bibi anapenda utani, na wote wakacheka kwa nafuu, na msichana akaendelea pale alipoishia. Sikurudia. Niliendelea kumenya.

Najua sasa kwa nini waliipenda hadithi ile kuliko kweli yenyewe. Ua lilikuwa linanuka, kwa hiyo lilifaa kubebeshwa. Lakini lile lilinuka siku mbili, likatimiza haja yake, likalala. Mzee alikufa kwa sababu nilimwonea kinyaa, na wakubwa wangu nao walimwonea kinyaa kabla yangu, ila wao walikuwa na adabu ya kukiita jina jingine.